Mifuko ya Fundi Makochi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa nne, saa tisa mchana. Mvua yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa mvua ya kawaida, ya kumfanya mtu aanue nguo na kuendelea na shughuli zake. Lakini mtaro unaopita nyuma ya nyumba ya Fundi Makochi ulikataa kumeza. Maji yakarudi nyuma, yakapanda kizingiti, yakaingia ndani bila hodi. Yalikuwa meusi, yana maganda ya ndizi, yana soksi ya mtu. Kochi la mteja, lililobakiza kitambaa cha mgongoni tu, likanywa mpaka sponji ikalewa. Binti wa Fundi aliporudi kutoka kazini alimkuta mtoto wake amesimama juu ya meza ya chakula, amekumbatia viatu vya shule kama mtu anayesubiri kivuko.

"Baba, mimi naondoka," alisema.

"Kwa maji haya? Kesho yatakuwa yamekauka."

"Yatakauka, halafu yatarudi. Mara ya kwanza yaliishia mlangoni, leo yameingia, kesho kutwa yatalala na sisi kitandani."

"Basi nenda kawalaumu wenyewe huko ofisini. Mtaro si wangu. Wao ndio wanakula kodi, wao ndio wazibue."

"Sijamlaumu mtu, baba. Nimesema naondoka. Siku mvua itakaponyesha na sakafu hii ikabaki kavu, utaniona na mabegi yangu."

Binti huyo alikuwa amehamia pale na mwanawe baada ya mama yake kufariki, ili mzee asiwe anakula akitazamana na ukuta. Jioni ile akaenda kujibana kwa rafiki yake upande wa juu wa mji. Mjukuu, ambaye Fundi humwita "mke wangu mdogo" na yeye humjibu "mume gani hana meno," alipunga mkono kwenye kona, akapotea. Nyumba ikabaki na Fundi, nyundo yake, na harufu.

Kusoma, Fundi Makochi hakusoma sana. Aliacha shule akiwa anajua kusoma mabango na kuandika jina lake. Lakini kwa kuwalaumu wakubwa hakuwa na mpinzani mtaa mzima, na sababu alikuwa nazo. Mkewe alikata roho kwenye benchi la hospitali, wanasubiri daktari ambaye kumbe yuko semina. Lori la taka, ambalo zamani lilipita kila wiki, lilipotea mwaka huohuo kama lililokwenda kumzika na lenyewe likabaki huko. Mwenyekiti wa mtaa akiulizwa, anavaa miwani ya mbao. Akiitisha mkutano wa usafi, mezani kwake zimepangwa chupa za maji za plastiki, anakunywa nusu, anaiacha.

"Safari hii nitawaletea taka zao mlangoni," Fundi alisema. "Wazinuse wenyewe."

Jumamosi akashuka mtaroni na reki na koleo. Penye kidaraja kidogo, hatua chache kutoka kwake, ndipo maji yalipokuwa yamekabwa koo. Alivuta mfuko, ukafuata mwingine, ukafuata mwingine. Mifuko imeshindiliwa chini ya daraja kama sponji kwenye kiti, hakuna hata pa kupitisha kidole. Jirani yake muuza mkaa, Mama Mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, alimwazima mkokoteni kwa sharti moja.

"Mimi nakuja nao. Siwezi kukosa sinema."

Wakaenda, na nyuma yao watu wakaongezeka kama msafara wa harusi. Mbele ya ofisi Fundi akainamisha mkokoteni, uchafu ukamwagika hadi kwenye ngazi. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akatoka, kitambaa puani.

"Fundi, ndiyo nini hii?"

"Ni kazi yako, mwenyekiti. Nimekusogezea tu. Maji yamelala nyumbani kwangu, mjukuu wangu kahama, na wewe uko hapa unapigwa na feni."

"Sema nao, Fundi!" mtu akapaza sauti.

Fundi angesema mpaka jioni. Lakini Mama Mkaa alikuwa ameinama, anapekua lile rundo kwa kijiti. Akauinua mfuko mmoja mweusi uliotuna. Akaugeuza. Akauinua wa pili.

"Fundi," aliita, safari hii kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Mfuko ulikuwa umefungwa vizuri mno. Shingo yake imezungushwa mara mbili, ncha imepitishwa chini na kufichwa ndani, kama fundi wa makochi anavyoficha mwisho wa uzi ili mteja asichomwe akikaa. Mtaa ule hakuna mwingine anayefunga hivyo. Na haukuwa mmoja. Nusu ya rundo ilikuwa na shingo za namna hiyo.

"Nyani haoni..." Mama Mkaa alianza. "Haya, malizia mwenyewe, mie nina adabu."

"Fundi kapiga mtaro sponji!" mtu akapasua kicheko, na wale wale waliokuwa wakipiga makofi wakashika mbavu. Mwenyekiti akaondoa kitambaa puani, maana sasa hewa ilikuwa imemkubali.

Fundi alisimama na reki yake. Lakini hakufunga kinywa.

"Sawa. Ni yangu. Na lori ni la nani?"

"Tutalifuatilia," mwenyekiti alisema, akaingia ndani.

Fundi alirudisha uchafu wote kwenye mkokoteni, peke yake, akausukuma hadi dampo, ambako ni mbali. Mama Mkaa alimfuata nyuma, si kwa kumsaidia, ni kwa kuulinda mkokoteni wake.

Njiani ndipo jambo lilipomwingia akilini. Kila mtu alikuwa akitupa mtaroni tangu lori lipotee, hilo halikuwa siri. Ila wengine walitupa ovyo, mfuko wazi, na mfuko wazi ukipata maji unalegea, unapita. Yeye alijiona mstaarabu. Aliufunga wa kwake kifundi, usipasuke, usinuke, ndipo akauachia. Ukabaki na pumzi yake tumboni, ukaelea mpaka kwenye daraja, ukakaa hapo kama jiwe. Kazi nzuri ya mikono yake ndiyo iliyomfukuzia mjukuu.

Nyumbani akakaa kwenye kigoda, akatazama meza. Sukari ndani ya mfuko. Maharagwe ya kuchemsha, aliyonunua asubuhi, ndani ya mfuko, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine eti usivuje. Maziwa, mfuko. Mkate, mfuko. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa, kimfuko kilichonona kama kupe. Mtu mmoja, mlo mmoja, na plastiki ya kuvalisha mwanasesere.

Mkewe hakuwa hivyo. Alikuwa akitoka na kikapu, ndani mna kibakuli chenye mfuniko, chupa ya mafuta na kitambaa cha kufungia mkate. Fundi alikuwa akimcheka: "Mama, unakwenda dukani au unahama?" Naye akijibu: "Nikihama utajua, maana utakula misumari." Alipokufa, Fundi alianza kutoka nyumbani mikono mitupu, kiume, na kurudi vidole vyote vimening'iniza mifuko. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakujiuliza.

Jumatatu akalitoa kapu la mkewe juu ya kabati, akalikung'uta mende, akaenda sokoni. Muuza maharagwe alimwona anatoa kibakuli.

"Haa, shemeji! Umeanza kuomba?"

"Nipimie humu."

"Humu nitajuaje nimepima sawa?"

"Pima kwa kata yako, mwaga humu. Mfuko ulikuwa unapima?"

Mwanamke akacheka, akapima. Kisha, kwa kuwa amebakiwa na mfuko wake, akamwongezea kijiko cha mchuzi. Fundi hakuahidi kitu, lakini kesho yake alirudi na kibakuli kilekile.

Si kwamba mambo yalinyooka. Siku nyingine alifika dukani ndipo akakumbuka chupa iko nyumbani, na kurudi ni kilima. Mwanzoni alinunua hivyo hivyo, akarudi na kimfuko chake, amekasirika na nafsi yake na serikali kwa pamoja. Baadaye akajiwekea adhabu: ukisahau chombo, utakula bila hicho kitu. Alikula wali mkavu jioni mbili, ya tatu hakusahau. Kikapu akakitundika kwenye komeo la mlango, asiweze kutoka bila kukigusa. Maganda akayachimbia shimo nyuma ya banda. Karatasi za nailoni zinazokuja zimefunga sponji mpya, ambazo siku zote alizichana na kuzisukumia mtaroni, akaanza kuzifungua polepole kwa wembe na kufunikia makochi ya wateja. Mifuko michache iliyobaki aliiosha, akaianika kwenye kamba kama nepi.

"Fundi umezaa?" Mama Mkaa aliuliza juu ya ukuta.

"Mapacha. Njoo ubebe mmoja."

Pipa lake, lililokuwa likijaa kila baada ya siku mbili, likawa linakaa wiki nzima na halijafika nusu. Kilichobaki ni vitu visivyo na njia: pakiti za dawa, kifuko cha sabuni, maganda ya biskuti anazomnunulia mjukuu kwa siku atakayokuja. Hivyo alivipeleka dampo mwenyewe, akimlaani mwenyekiti toka mlangoni hadi dampo, na kurudi vilevile. Kuacha kutupa mtaroni hakukumfanya awapende wakubwa. Alisema sasa ndiyo ana nguvu ya kuwatukana, maana zamani alikuwa anatukana akiwa amevaa shati lao.

Mama Mkaa naye akaanza kwenda sokoni na sufuria. Hakuwa ameokoka, alisikia habari za kijiko cha mchuzi. Wakafuata wengine wawili, watatu, kwa sababu hiyohiyo. Fundi aliliona hilo kuwa ushahidi kuwa binadamu hafundishwi kwa mkutano, anafundishwa kwa mchuzi.

Lakini mtaro hauanzii kwake. Unatoka juu, kwenye nyumba za geti, unapita nyuma ya shule na soko ndipo ufike kwake. Kila asubuhi alishuka na reki penye kidaraja, na kila asubuhi alikuta mizigo ya wengine: chupa za maji, vikombe, mifuko iliyofungwa fundo la kawaida, la kivivu. Aliwatambua wa juu kwa chupa zao, hao wanaonunua hata maji. Aliziokota. Alitukana. Aliziokota.

Jumapili moja binti yake akaja kumsalimia. Mtoto akakimbilia biskuti. Binti akazunguka nyumba, akatazama kamba ya mifuko, akatazama kapu kwenye komeo, akalishika mpini kidogo.

"Sakafu umepaka upya," alisema mwishowe.

"Ilikuwa inanuka."

"Unakula vizuri, baba?"

"Nakula kwa adabu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa hajashika hata mkoba wake kuaga pale wingu lilipofunika bati, na mvua ikashuka kwa pamoja kama iliyokatwa kamba. Hii haikuwa ya kawaida. Hii ilikuwa ya kutisha. Binti alimvuta mtoto kwake na kutazama meza ya chakula, na Fundi akaona anaitazama.

Akachukua reki, akatoka na shati lake hilohilo. Binti akamwita, hakugeuka. Alifika kwenye kidaraja, maji yamemfika magotini, akavuta chupa, akavuta godoro la mtoto la nani sijui, akavuta mfuko. Chini ya daraja maji yalikuwa yakipita, akayasikia yanavyokoroma. Lakini kutoka juu yalikuwa yakija mengine, mekundu, na kila yalipokuja yalibeba kitu.

Aliporudi mlangoni, amelowa chapachapa, maji yalikuwa chini ya kizingiti, upana wa kiganja. Yamesimama pale, yanazunguka povu lake taratibu. Binti alikuwa amekwisha kuvua viatu, ameshika fagio. Wote watatu wakainama na kutazama. Mtoto akaunyoosha mguu, akagusa kizingiti kwa kidole gumba.

"Babu," aliuliza, "yanapanda au yanashuka?"