Shemeji, Umekufa?

Kihisi namba tisa kilikuwa na mafua. Kila asubuhi umande ulipokiingia kichwani kilipiga chafya, na chafya yake ilikuwa king'ora cha kuamsha maiti. Kazi yake ilikuwa kunusa gesi mbaya kwenye banda la kompresa, ile inayonuka kama yai viza, ambayo ikizidi inazima pua yako kwanza, halafu inakuzima wewe. Lakini namba tisa kilinusa umande kikasema gesi. Mafundi waliomba kingine mpaka wakachoka kuomba. Jibu lilikuwa lilelile: kiko kwenye mpango.

Basi kikilia, Mama Kengele anakinyamazisha. Ndilo jina alilopewa na watu wa kituo cha gesi, maana ndiye aliyekaa kwenye chumba cha vioo mbele ya skrini, king'ora kikilia anabonyeza, kikilia anabonyeza, kama mtu anayefukuza nzi. Mkono mmoja ulibonyeza, wa pili ulishika redio.

"Shemeji, umekufa?"

Kutoka bandani akajibu mdogo wa mumewe, fundi wa mitambo, mdomo mrefu kuliko bomba la gesi: "Bado, shemeji. Nikifa nani atamaliza viporo vyako?"

Siku nyingine alijibu: "Nimekufa tangu jana. Huku ahera wanauliza kaka alikosa nini mpaka akakuoa."

"Waambie alipewa punguzo."

Kituo kizima kilisikiliza, madereva wa malori wakacheka mpaka wakasahau foleni. Msimamizi akabandika tangazo ukutani: redio ni ya kazi, si kijiwe. Mama Kengele alilisoma kwa heshima zote. Kesho yake akauliza tena kama shemeji amekufa.

Ndipo kampuni ikaleta mfumo wa kompyuta wa kuendesha kituo. Wafanyakazi wakaubatiza Mkwe: umeingia nyumbani bila kubisha hodi, unatazama kila kitu, na mbele yake huwezi kucheka. Injinia aliyekuja nao, kijana mpole mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko, alieleza kwamba Mkwe atajifunza kwa kuangalia kila kitufe kinachobonyezwa. Akishaiva, mfundishaji bora kati ya wanaokaa chumba cha vioo kwa zamu atahamia ofisi kuu mjini kumsimamia.

"Na wengine?" Mama Kengele aliuliza.

"Wengine kampuni itawashukuru."

Shukrani za kampuni alizijua. Mumewe alishukuriwa na bohari ya mafuta mwaka uliopita, akarudi nyumbani na kikombe chenye picha ya tangi. Tangu siku hiyo anakinywea chai asubuhi mpaka jioni, na nyumba nzima inamtegemea mke.

Kwa hiyo Mama Kengele akawa mwalimu wa mfano. Alikaa wima. Alibonyeza kwa adabu. Mkwe aliona vitufe tu, redio hakuisikia, lakini injinia alikuwa na masikio. Hivyo namba tisa kilipolia, mama aligeuza mgongo na kunong'ona. Naye shemeji akajibu kwa kunong'ona: "Bado. Mkwe yupo?"

"Yupo. Nyamaza."

Mwisho injinia akamkalisha chini wahakiki masomo pamoja. "Namba tisa kikilia, mama, unafanya nini?"

"Nakinyamazisha."

"Halafu?"

Macho yake yakaenda kwenye lile tangazo ukutani. Akaiona ofisi ya mjini, akakiona na kile kikombe.

"Halafu basi."

"Hakuna kingine kabisa?"

"Kingine kipi tena, mwanangu? Nakinyamazisha, yanaisha."

Akachaguliwa yeye. Siku ya kuaga, shemeji alimbebea mkoba hadi getini. "Sasa nani ataniuliza?"

"Mwambie Mkwe."

"Ah! Mkwe hataniwi, shemeji. Utaniletea laana."

Ofisi ya mjini ilikuwa na zulia, na kiti kinachozunguka. Asubuhi moja ya umande, Mama Kengele akiwa na chai mkononi, mstari wa kijani ulipita kwenye skrini yake: *Namba tisa. Kengele ya uongo. Imeshughulikiwa.* Ukapita tena, na tena. Akatabasamu. Mwanafunzi amehitimu.

Kule kituoni, kiungo cha bomba kilikuwa kimeachia nyuma ya kompresa. Mara hii namba tisa hakikupiga chafya ya umande. Kililia kweli, na Mkwe akakinyamazisha, upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote. Chumba cha vioo kilikuwa kitupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Mlinzi ndiye aliyemkuta shemeji, kalala kifudifudi, redio imewashwa kiunoni, iko kimya.

Msibani, mama mzazi wa marehemu alimshika Mama Kengele kiganja. "Mwanangu, hebu niambie. Nani alikuwa zamu?"

"Hakukuwa na mtu, mama."

"Si ulisema wamekupandisha cheo uwe unaangalia?"

Mumewe alikuwa pembeni, kakishika kikombe chake kisicho na chai.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika juu ya zulia lilelile. Injinia, macho mekundu, alisema mfumo haukukosea. "Tumepekua kumbukumbu zote. Kila namba tisa kilipolia, ulinyamazisha. Kila mara, mama. Mfumo umefanya kama ulivyofundishwa."

"Nilikuwa namuuliza."

"Unamuuliza nani? Nini?"

Wakubwa wenye tai wakamgeukia wote. Neno lenyewe lilikuwa la aibu pale, kama kuvua viatu mbele ya wageni na soksi zina matundu.

"Namuuliza kama amekufa."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa nini hukuniambia?" Injinia aliuliza.

"Nilidhani ni utani."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi ya gesi. Hapa usaha ulitunga siku mzaha ulipoonewa haya.

Kampuni haikumfukuza. Ilileta kihisi kipya, kumbe mpango ulikuwepo. Tena ikaamua Mkwe apewe sauti, ili king'ora kikilia awaulize waliopo bandani. Na sauti ya nani wanaifahamu wafanyakazi wote waliobaki? Wakamwingiza Mama Kengele kwenye chumba chenye sponji ukutani, wakampa karatasi: *Mfanyakazi, tafadhali thibitisha hali yako.*

Akasoma vizuri, bila kukwama.

"Safi," alisema fundi wa sauti nyuma ya kioo. "Tena, mama. Mara hii changamka kidogo, kama unaongea na mtu wa nyumbani."

Taa nyekundu ikawaka. Mama Kengele akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Shemeji," alisema.

Akangoja.

Fundi alingoja naye kidogo, kisha akabonyeza kitufe. "Hiyo tutaikata. Anza upya."