Kona ya Bibi Yalin

Msafara ulikuwa umekwisha kupita geti Yaguang alipokumbuka kwamba tambuu bado iko mdomoni. Kutema asingeweza. Meneja alikwisha kusema: wageni wakiona mate mekundu hudhani dereva anatapika damu, na wako waliowahi kuita gari la wagonjwa. Basi akameza yote, popoo, jani na chokaa, vikashuka vikimchoma koo. Machozi yakamlenga. Mama mzee aliyeketi kando yake akamwuliza kama ni vumbi.

"Ni vumbi, Mama," akasema.

Vumbi lenyewe halikuwepo. Mvua ilikuwa haijapumzika tangu juzi, na njia nzima ilikuwa tope jekundu.

Yalikuwa magari ya wazi, yasiyo na milango, yenye magurudumu manene na vyuma juu kama kizimba cha kuku. Yaguang alitangulia. Waliofuata ni wageni wakijiendesha wenyewe, wakipiga kelele kila walipoingia dimbwini, na mkiani alikuja jirani yake Ajun, kazi yake kusukuma waliokwama. Mama mzee alitoka kaskazini kabisa ya bara, kunakoanguka theluji. Aliletwa kisiwani na mwanawe, Bwana Hao, alione pori la nchi ya joto kabla magoti hayajamkatalia. Bwana Hao mwenyewe aliendesha gari la pili, akampandisha mama yake kwa dereva mwenyeji, penye usalama zaidi.

"Dereva!" akapaza sauti. "Ukimwangusha mama yangu nakuacha humu humu uliwe na ruba!"

"Ruba wameshachagua, Bwana. Wao wanapenda wanene."

Wageni wakacheka hadi gari la mwisho. Mzaha ule Yaguang alifundishwa na kampuni, pamoja na mahali pa kuutolea.

Wakapita kwenye shamba la miti ya mpira. Miti ilisimama kwa mistari, kila mmoja na kovu la kisu na kikombe chake kikavu.

"Shamba zuri," mama mzee akasema. "La nani?"

"La kampuni, Mama."

"Mbona hawagemi?"

"Wameiacha ipendeze."

Hakumwambia kwamba makovu ya mkono wa kulia ni ya kisu chake yeye, na yale ya chini zaidi ni ya baba yake. Kila nyumba iliyotoa shamba ilipewa nafasi ya kazi kwa mtu mmoja. Nyumba yao ilipata usukani huu. Akiuacha, unakwenda nyumba nyingine, na mipira hairudi.

Zamani safari iliishia kijitoni. Lakini wageni walianza kunung'unika kwamba wamepanda ndege kuja kutazama miti iliyopanga foleni kama wanafunzi. Walitaka pori lenyewe: miti ambayo watu watatu hawaikumbatii, mimea ya kamba inayoning'inia, giza saa sita mchana. Katika ardhi yote ya kijiji chao, Maohang, pori la namna hiyo lilibaki moja tu, ng'ambo ya kijito. Lilibaki kwa sababu hakuna mtu wa Maohang aliyewahi kuingia nalo panga. Ndiko wanakowapeleka watu wao.

Kule hakuna jiwe wala tuta. Maiti hulazwa ndani ya gogo lililochongwa, udongo husawazishwa, watu wakaondoka bila kugeuka nyuma, na tangu siku hiyo jina lake halitamkwi. Ukilitamka umemwita. Akiitwa huja, na akija haondoki peke yake. Mama yake Yaguang alipelekwa mwaka ule kimbunga kilipong'oa paa la shule. Tangu hapo, nyumbani, wakitaka kumsema, husema "yule aliyekuwa akipika."

Kampuni ilipoitaka ng'ambo ya kijito, uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Alisimama Katibu wa kijiji, Fu Zhenbiao, mzaliwa wa hapo hapo, ambaye baba yake naye alipelekwa kule.

"Kampuni ni watu waungwana," alisema. "Aliye na mtu wake ng'ambo asimame, amtaje kwa jina lake kamili, na njia itapinda. Haya, nani?"

Watu walitazama miguu yao. Mtoto alilia akapewa ziwa. Baba yake Yaguang alifungua mdomo, akaufunga, akashika magoti yake.

"Hakuna?"

Akawatazama safu kwa safu.

"Basi hakuna."

Vijana wa kupima ardhi waliotoka mjini walimwuliza Katibu kwa sauti ndogo kama watu wamelielewa swali. Akawajibu kwamba wamelielewa vizuri sana.

Na leo ndiyo siku ya kwanza ya njia mpya.

Walivuka kijito, maji yakifika kwenye ekseli, wageni wakishangilia. Upande wa pili kivuli kikawafunika mara moja, na hata Bwana Hao akashusha sauti. Hapo mbele, katikati ya njia iliyochongwa na katapila, palikuwa na mti mwembamba umechomekwa ardhini, juu yake majani marefu yamefungwa fundo.

Yaguang akakanyaga breki.

Mtu yeyote wa milima hii akilikuta fundo hilo kwenye mzinga wa nyuki, au kwenye mti wa matunda, au mlangoni mwa shamba, hagusi wala hapiti. Hakuna anayelilinda. Lilitosha zamani na linatosha leo, kwa mkubwa na kwa mwizi. Hili lilikuwa limefungwa kwa kushoto. Baba yake Yaguang alikatwa kidole na kisu cha kugemea, na tangu hapo hufunga vitu vyote kwa kushoto.

"Tumefika?" mama mzee akauliza.

"Bado, Mama."

"Dereva, mafuta yameisha?" Bwana Hao akapiga honi. "Tukuchangie?"

Redio ya mkononi ikakwaruza. Ilikuwa Meneja Qiu, binti wa mjini kutoka bara, anayeyaona magari yote kwenye skrini yake getini kama vijidudu vinavyotambaa.

"Yaguang, mbona umesimama?"

"Kuna fundo, Meneja."

"Fundo gani? Kamba?"

"La majani."

"Majani. Unanisimamishia msafara wa ufunguzi kwa sababu ya majani?"

"Ni alama. Mahali hapa pana watu."

"Watu gani? Mbona siwaoni?"

"Waliotangulia, Meneja."

Kukawa na minong'ono upande wa pili, kisha sauti ya Katibu Fu, laini, ya mtu aliyekwisha kula vizuri. Alikuwa amealikwa kukata utepe.

"Yaguang, mwanangu. Wewe ni mtu mzima. Ng'oa hicho kijiti, upite. Mzee wako nitakuja kuongea naye mwenyewe jioni, na chupa yangu mkononi."

"Katibu, wewe unajua kuna nani huku."

"Mimi ninalojua ni kwamba niliuliza mbele ya kijiji kizima. Ulikuwepo. Ulisimama?"

"Sikusimama."

"Ulitaja mtu?"

"Sikutaja."

"Basi unataka nini? Nafasi hiyo uliyokalia, nyumba ngapi zinaitolea macho? Nikuorodheshee?"

Yaguang alilitazama fundo. Upepo ulikuwa unalitikisa kidogo.

"Na nikitaja sasa?"

Katibu alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayemjua sana anayezungumza naye. "Taja, basi. Ulisikia neno langu. Taja, na njia ipinde."

Redio ilikuwa wazi kwa wote: kwa Ajun kule nyuma, kwa wapishi wanaochoma wali kwenye mianzi, kwa wasichana wa kijijini waliovishwa nguo za kufuma wapige ngoma getini. Yaguang alijua wote wanasikia. Akaisogeza redio mdomoni.

"Ni mama yangu," akasema. "Zhuo Yalin. Amelala pale, chini ya mti ule mkubwa, kichwa upande wa jua linakotua. Zhuo Yalin."

Kule nyuma Ajun alizima gari. Ngoma ya getini ilikatika; Yaguang aliisikia ikikatika ndani ya redio. Mahali fulani sufuria lilianguka, na mwanamke akasema, "Aaah," taratibu, kama mtu aliyechomwa mwiba.

Alisubiri.

"Subiri," sauti ya Meneja Qiu ikarudi, na sasa ilikuwa imechangamka. "Subiri kwanza. Hii mbona hamkuniambia? Mimi nahangaika kutafuta hadithi ya njia hii, kumbe hadithi mnayo! Yaguang, wageni wamesikia? Kuna anayerekodi?"

"Ninarekodi!" Bwana Hao akajibu mwenyewe kwa mbali. Alikuwa ameshashuka, simu mkononi. "Lakini nilichelewa kidogo. Kaka, rudia kwa jina. Polepole, ukiuangalia mti."

Yaguang hakumtazama. "Katibu," akasema kwenye redio. "Nimetaja."

"Nimesikia."

"Ulisema njia itapinda."

"Hayo yalikuwa ya mkutano. Mkutano ulifungwa mwaka jana, mwanangu." Katibu akakohoa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imemkauka. "Na usilitaje tena. Endesha."

Mama mzee alikuwa amesikia yote. Alimgusa Yaguang begani, akashuka kwa taabu akishikilia vyuma, akaingia kwenye matope na viatu vyake vya kitambaa. Kutoka kwenye mkoba akatoa chungwa na yai la kuchemsha alilobakiza asubuhi hotelini. Akaenda chini ya mti ule mkubwa, akaviweka juu ya jani, akainama, akainama tena, kama wafanyavyo kwao mbele ya makaburi ya wazee.

"Bibi Yalin," akaita kwa sauti safi ya upole, "tusamehe kwa kelele. Bibi Yalin, mwanao ni mtu mwema. Njoo ule."

"Mama, usimwite," Yaguang akasema. "Mama, tafadhali, usimwite."

"Kwa nini, mwanangu? Hapa peke yake muda wote huu, hakuna hata jiwe. Aitwe, ajue ana watu." Akageuka tena kwenye mti. "Bibi Yalin!"

Alirudi akipangusa macho, akasaidiwa kupanda. Bwana Hao alikuwa amepiga picha ya fundo kwa kila upande. Kisha akaling'oa pamoja na kijiti chake, akakung'uta udongo, akalitundika kwenye kioo cha gari lake, likaning'inia pale likichezacheza.

"Zawadi ya porini," akamwambia Ajun, aliyekuwa amekuja mbele kwa miguu.

Ajun alimtazama Yaguang kama anavyotazamwa mtu aliyetoka nyumba yenye ndui, akarudi nyuma bila kumkaribia.

"Yaguang." Meneja Qiu. "Nukta yako bado haitembei. Nina kundi jingine linangoja."

Aliwasha gari. Pale chini ya mti ardhi ilikuwa laini kuliko kwingine. Gurudumu la mbele lilizama kidogo, likapanda, na la nyuma likafanya vivyo hivyo. Mama mzee alishika chuma kwa mikono miwili. Nyuma yao gari la Bwana Hao lilizama, likapanda. Na lililofuata. Na lililofuata.

Baba yake alipata habari kabla Yaguang hajarudi. Hakumgombeza. Alichukua bakuli la mwanawe la kulia, akaliweka nje ya mlango, akafunga. Siku chache baadaye alihamia kibandani juu mlimani, penye shamba la mpunga lililobaki, na huko mvua kubwa zilimkuta na kifua kikambana. Alikuwa ameacha neno kwamba asipelekwe ng'ambo ya kijito. Alizikwa kwenye makaburi ya saruji kando ya barabara kuu, yaliyotengwa na serikali, penye namba.

Video ya Bwana Hao ilitazamwa na watu wengi sana huko bara. Mama yake magoti yalimkatalia mwaka huo huo. Hasafiri tena, lakini huwa akiwauliza wanaotoka kisiwani kama Bibi Yalin hupata wageni.

Hupata. Njia haikupinda, ila ilipanuliwa pale penye mti ili magari yapate kuegeshwa, na pakawekwa kibao: Kona ya Bibi Yalin. Kimechorwa ajuza anayetabasamu, mwenye chale za mistari usoni. Mama yake Yaguang hakuwa na chale. Meneja Qiu alipandishwa cheo kwa wazo hilo, akapelekwa kuendesha mbuga nyingine pwani. Katibu Fu alikata utepe wake getini, akahamia kwa binti yake mjini, na hajaonekana kuvuka kijito. Wasichana wa ngoma wawili waliacha kazi. Nafasi zao zilijazwa kabla jua halijatua.

Ajun ndiye anayetangulia msafara sasa. Mwanzoni alikuwa akifika konani anafunga macho na kuwaachia wageni wasome kibao wenyewe. Kampuni ilimwonya. Siku hizi anasimama juu ya kiti, anawahesabia, nao wanaita wote kwa pamoja, kila kundi, asubuhi hadi jioni: "Bibi Yaliiin! Tumekujaaa!" Wageni wengine huuliza mume wake aliitwa nani. Ajun anajua. Huwaambia jina la kubuni.

Yaguang hakufukuzwa. Kampuni ilisema isingekuwa picha nzuri. Alitolewa kwenye usukani, akapewa mpira wa maji, getini, na kazi yake ni kuosha magari yanaporudi. Anaanza na magurudumu. Udongo wa ng'ambo ya kijito ni mweusi, haufanani na huu wa huku; huganda kwenye meno ya tairi na lazima auchokoe kwa kidole. Upepo ukitoka mlimani, sauti za wageni humfikia. Yeye hufungulia maji zaidi, na udongo hushuka kwenye mfereji, unapita chini ya geti, unakwenda barabarani.