Koti la Meno

Jumanne, saa nne asubuhi, mpagazi mmoja ambaye kazini wote walimwita Shangazi aliingia duka la vifaa vya safari kutafuta koti la mvua. Alitaka koti jepesi, linalokunjwa likaingia kwenye mfuko wake lenyewe, lisilopitisha maji, na ambalo bei yake haitamlaza njaa. Tena lisiwe na kelele. Hilo la kelele hakulitaka yeye, kampuni ndiyo iliyolitaka.

Kampuni yenyewe kazi yake ilikuwa kupandisha wawindaji mlimani. Mgeni alibeba bunduki tu. Hema lake, godoro lake, viti vya kukunja na maji yake ya kuoga vilipanda juu kwa migongo ya wapagazi. Pale getini kulikuwa na mzani. Kila mpagazi kilo ishirini, na chochote chake mwenyewe, hata soksi, kilipimwa humo humo pamoja na mali ya mgeni. Mzigo ukizidi kitu kilipunguzwa, na wala hakikupunguzwa kiti cha mgeni, thubutu!

Kaka yake Shangazi, naye mpagazi, alifia huko juu msimu uliopita. Koti alikuwa nalo, la nailoni, la bei poa, lenye kelele kama mfuko wa plastiki. Mkuu wa msafara alipomwona kulungu alitoa amri aliyokuwa akiitoa siku zote, kwamba wenye makoti ya kelele wayavue, wayakunje, wayaweke. Kulungu yule aliwazungusha kwa saa tatu, na mvua haikuwa na habari na kulungu. Jamaa walimkuta ameketi chini ya mwamba, amekauka kwa baridi, koti limekunjwa vizuri mfukoni, dogo kama ngumi. Ripoti ya kampuni ilikuwa na sentensi mbili. Marehemu alikuwa na koti la mvua. Hakulivaa. Shangazi alisomewa akiwa amesimama, hakupewa hata stuli. Uongo haukuwamo hata chembe. Ndivyo watu wale wanavyojua kuandika.

Sasa dukani muuzaji alimtandikia koti la kwanza mezani. "Hili, dada, kimya kabisa. Kitambaa laini, mishono yote imezibwa kwa ndani. Mnyama hakusikii hata umkanyage."

"Bei?"

Muuzaji alitaja. Ilikuwa mshahara wa safari tano. Shangazi alilirudisha kwenye henga taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu kwa mama yake.

La pili lilikuwa kimya na bei yake ya kibinadamu. Muuzaji alimimina kikombe cha maji kwenye mkono wa koti, na maji yakatokea upande wa pili yakidondokea ndoo. "Hili ni la umande," alikiri. Shangazi akalisukuma pembeni. Muuzaji akacheka. "Dada, mchagua jembe si mkulima."

"Na mchagua koti?"

"Huyo simjui."

"Ni mtu aliyezika," Shangazi alisema. "Lete la tatu."

La tatu lilikunjika likawa la kutoshea kiganjani. Maji yalisimama juu yake bila kupenya. Bei alikuwa nayo. Alipoingiza mkono na kuunyoosha, koti likatoa sauti ya meno yanayogongana kwa baridi.

"Ni meno hayo," muuzaji alisema, akifuta meza. "Tangu msimu uliopita makoti yote ya bei hii yanakuja hivyo. Lile la bluu linakohoa. Kiwandani wanasema si kasoro, hayarudishwi."

Shangazi alilitikisa karibu na sikio. Meno yaligongana mara nne, tano, kisha ukapita mluzi mdogo, wa jino la mbele lililovunjika. Kaka yake alilivunja akifungulia chupa ya soda, na mama yao akamchapa kwa hilo.

"Nifungie," Shangazi alisema.

Jioni alilipeleka kwa wifi yake, mjane wa kaka. Wifi alilishika, akalitikisa mara moja, akasema, "Ndiye. Pengo lile lile." Akalitundika juu ya kiti karibu na jiko, na joto lilipolifikia koti likanyamaza. Wanawake wale wawili walikaa wakilitazama.

"Kumbe alihitaji kidogo tu," wifi alisema. Halafu akawatukana watu wa kampuni mmoja mmoja, kwa cheo, kuanzia mkurugenzi mpaka mshika mzani, na Shangazi akawa anamkumbusha aliowasahau.

Wiki iliyofuata walipanda. Siku ya pili mvua ilianza saa saba mchana, ile mvua ya mlimani isiyo na radi wala haraka. Shangazi alivaa koti lake. Kaka yake aligonganisha meno kila hatua, na yeye ndani alikuwa mkavu. Walipofika ukingo wa msitu, mkuu wa msafara akainua mkono. Kulungu dume, pembe ndefu, alikuwa ng'ambo ya bonde.

"Wenye kelele, vua, kunja."

Shangazi hakuvua.

"Shangazi, huna masikio?"

"Ninayo. Sivui. Nimeshamzika mmoja aliyekutii."

Mkuu alimsogelea. Hakupandisha sauti, hakuwa na mazoea hayo. "Ukimfukuza mnyama huyu, tukishuka nalifuta jina lako."

"Futa! Lifute hata sasa hivi," Shangazi alisema, na kwa hasira aliyokuwa nayo alitetemeka mwili mzima, koti likagonganisha meno mpaka bonde likasikia.

Kulungu aliinua kichwa. Alivuka kijito, akapanda mteremko akija upande wao, masikio mbele, akasimama hatua kumi hivi kutoka kwa Shangazi akisikiliza. Mgeni akampiga risasi moja. Wapagazi hawakushangaa. Mmoja wao alisema wanyama wana huruma, mwenzake akasema ni kweli, kisha wakatoa visu wakaanza kuchuna.

Mkuu wa msafara alimpa Shangazi mkono mbele ya wote. Jina halikufutwa, liliandikwa la kwanza kwenye orodha ya msafara uliofuata. Shangazi aliteremka mlima akiamini amepata alichokitaka, kwamba tangu siku ile hatavuliwa koti tena na mtu yeyote. Alimwambia hivyo wifi yake. Wifi alisema tutaona.

Siku nne baadaye tangazo lilibandikwa getini, juu ya mzani. Kila mpagazi anunue koti la aina ile, kwa fedha yake, na lihesabiwe ndani ya kilo ishirini. Waliokuwa na makoti ya kimya waambiwe hayafai. Wapagazi walinunua. Wangefanyaje? Msafara ulipoanza, makoti sita yaligonganisha meno njia nzima, kila moja kwa namna yake, na wapagazi wengine walianza kutambua sauti za watu wao. Mmoja alimsikia baba yake. Aliendelea kupanda, mzigo ulikuwa mgongoni.

Mvua iliwakuta pale pale ukingoni mwa msitu. Mkuu akainua mkono.

"Vueni."

"Tuvue tena?" Shangazi aliuliza. "Si ndiyo mmetulazimisha kuyanunua?"

"Vua, tundika kichakani. Mgeni hapendi kupiga risasi upande aliko mtu. Ana utu wake."

Wakavua, na Shangazi akavua, kwa sababu safari hii watano walivua kabla yake na wa sita peke yake hana nguvu. Makoti sita yalitundikwa kwenye vichaka, makavu kwa ndani, yakigonganisha meno kwa upepo. Wapagazi sita walisimama nyuma ya makoti kwa fulana, maji yakiwaingia shingoni na kutokea miguuni. Chini ya bonde kulungu wawili waliacha kula.

Ilipita nusu saa. Shangazi alisikia meno ya kaka yake kichakani, halafu akasikia mengine, karibu zaidi, na yalikuwa yake. Alijaribu kuyabana, hayakubanika. Mkuu wa msafara aligeuka, kidole mdomoni.

"Shangazi, unaharibu. Kulungu anatazama huku."

"Koti langu lile pale. Nimelinunua mwenyewe, nimelibeba mwenyewe."

"Najua. Dakika chache tu."

"Na haya meno, mkuu? Nayo niyavue?"

Mkuu wa msafara hakukasirika. Alimtazama mdomoni, akafikiri kwa makini kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi, kisha akanong'ona kwamba kama yanatoka, itasaidia.