Maziwa ya Papa Hakorimana

Meli yetu ya watalii ikifunga kamba Marseille, abiria hushuka karibu wote, na sisi wenye mapumziko tunajiona wenye mali. Siku hiyo niliosha nywele, nikala mkate na asali, nikainua miguu juu ya kiti kwenye sitaha ya wafanyakazi. Kengele za abiria kimya. Raha tupu!

Mimi husafisha vyumba. Michel, mchumba wangu, hukunja mashuka kwenye chumba cha kufulia. Mimi wa Karuba, milimani Masisi. Yeye wa Kibua, msituni Walikale. Nyumbani hatukuwahi kuonana. Ilibidi kila mmoja aje baharini ndipo tukutane.

Mchana ule Papa Hakorimana, baba yangu, angemwona Michel kwa simu mara ya kwanza. Kwetu mkwe hapewi jibu kabla hajaketi, akapokea maziwa kwa mikono miwili na kuyanywa. Papa hakutaka kusikia habari ya umbali. "Akunywe kule kule, mimi nikimuangalia," alisema.

Shida ni kwamba Michel akinywa maziwa ya ng'ombe anaumwa tumbo hadi anashindwa kufanya kazi. Kwa hiyo nilimletea gilasi ya maziwa ya soya kutoka kantini.

"Iko nyeupe," nilimwambia. "Papa atajulia wapi?"

"Hapana, Uwamwezi. Njia ya muongo ni fupi. Leta ya ngombe."

Nilikasirika kwelikweli. Ukaidi mwingine hauna dawa! Lakini nilienda, nikaleta ya ng'ombe, nikaibamiza gilasi mezani.

Simu ikaita. Papa alikuwa amevaa koti la kanisani, na mama yangu, Mama Libérata, akimwonyesha pa kutazama.

"Kunywa, mutoto wangu," Papa alisema.

Michel alikuwa ameketi, gilasi ndani ya mikono yake miwili. Hakuiinua.

"Papa, munisamehe. Nikikunywa maziwa ninagonjwa. Kwetu Kibua, mu pori, hakunaka ngombe. Sikutaka niwadanganye."

Papa alikunja mikono kifuani. Mkao huo naujua: ulishamrudisha kwao mchumba wa dada yangu, na hakuonekana tena. Nilimpenda Michel, na niliogopa.

"Siku ya ndoa, kwa desturi yetu, mimi baba ya binti ninapaswa kuwapa ngombe," Papa alisema mwishowe. "Muntu mwenye hakunywake maziwa, nitamupa ngombe ya kazi gani?"

"Nitamuchunga muzuri, Papa. Maziwa yake atakunywa Uwamwezi."

Mama Libérata aliangua kicheko, kisha akajifunika mdomo. Papa hakucheka.

"Uwamwezi, uko wapi?"

"Niko hapa, Papa." Niliingiza uso wangu kwenye simu.

"Ikala."

Nikaketi kando ya Michel.

"Sasa Michel, mupatie ile gilasi. Na mikono mbili."

Michel alinigeukia, akaninyooshea gilasi kwa mikono miwili. Niliipokea kwa miwili yangu, nikanywa hadi tone la mwisho, machozi yakinitiririka na sikujali nani ananiona. Hasira yote ilikuwa imekwisha.

Papa alisubiri niweke gilasi chini.

"Ndio vile," alimwambia Michel. "Ukuwe unamupatia vile siku zote, mukwe wangu."