Mzani wa Mashineni

Daktari alisema nikipungua hadi kilo themanini nirudi, atatoa figo yangu moja ampe kaka. Nikaacha sukari, nikaacha vya kukaanga, na kila asubuhi kabla bosi hajafika nikawa napanda mzani wa magunia hapa mashineni tunaposaga unga. Nilishuka vizuri, kisha mshale ukagoma kwenye themanini na tano. Nikala nusu sahani, nikaenda kazini kwa miguu, nguo zikanipwaya. Mshale ng'o! Niliutukana mpaka koo likanikauka.

"Usikate tamaa, dada," kaka aliniambia kitandani, uso umemvimba. "Mimi nipo tu, siendi popote."

Tulimzika Jumanne.

Niliporudi kazini nikaupanda tena, kwa hasira tu. Bosi akanikuta.

"Unajipimia hapo?" akacheka. "Huo unadanganya. Tangu mwezi uliopita nauongezea kidogo kidogo, sasa umezidi kilo sita. Wateja si wanalipa kwa kilo? Haya, shuka tufungue."

Sikushuka. Nilisimama pale juu, nikitoa sita kwenye themanini na tano.