Mkono Dirishani

Tangu nyumba za kijiji cha ujamaa pale Nyarero zipangwe mstari mmoja kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha, dirisha la Mokami lilitazama mlango wa baba mkwe wake, mzee Nyangwine. Ilikuwa taabu. Mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana, na mzee hakanyagi nyumba ya mke wa mwanawe. Zamani zizi zima la ng'ombe liliwatenganisha watu. Sasa ilikuwa hatua kumi na mbili.

Dirishani palikuwa na kopo tupu la mafuta ya Kimbo, na ndani yake mmea unaotambaa, majani mapana yanayong'aa. Sista wa zahanati, ambaye Mokami alimfulia nguo kabla ya kuolewa, ndiye aliyempa. Aliuita filodendroni. Vitu vingine vyote nyumbani mle vilikuwa vya mumewe Nashoni au vya mama yake. Kopo lile tu lilikuwa la Mokami.

"Utachimba lini?" aliuliza mama mkwe, Gati, akiunyooshea mmea kidole.

"Hauna viazi, mama."

"Basi unakamuliwa?"

Mokami aliinamisha kichwa, akaendelea kupangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji.

"Wenzake wanaogesha watoto," Gati aliwatangazia kuku. "Wangu anaogesha majani!"

Kutoka mlangoni kwake mzee alidakia, "Chakula cha mbuzi hicho!"

Mwezi wa tano wa ndoa, majani matatu yakageuka manjano. Mokami alitia kidole kwenye udongo. Tope. Sista alimwambia mmea huu unauawa na maji upesi kuliko kiu, kwa hiyo akaacha kumwagilia. Kesho yake, tope tena.

"Nashoni, unamwagilia wewe?"

"Mimi? Hata ndama nasahau kuwanywesha."

Jani la nne likaanguka. Usiku Mokami alilia kidogo, upande wa ukuta.

Asubuhi, akiwa njiani kwenda shamba la kijiji, alikumbuka jembe, akarudi. Alipofika pembeni mwa nyumba aliona mkono ukipenya dirishani, umeshika kibuyu. Kwenye mkono ule palikuwa na bangili ya shaba inayojulikana kijiji kizima. Mokami alichuchumaa nyuma ya kuni, kiganja mdomoni.

Jioni, kwa ombi la Mokami, Gati alisimama katikati ya zile hatua kumi na mbili.

"Mzee, mkwe wako anauliza nani anamzamishia mmea."

Mzee alifunika bangili yake kwa kiganja: "Mwambie sijaingia kwake. Mkono si mguu."

"Mwambie baba sijasema ameingia," Mokami alisema, uso ukutani. "Mmea unakunywa pale tu udongo ukikauka mpaka hapa." Akamwonyesha Gati kiungo cha pili cha kidole.

"Anasemaje?" mzee aliuliza, ingawa alisikia vizuri. "Mwambie kila siku mmea wake umesimama pale unanitazama. Kiumbe akikutazama hivyo, utamnyima maji?"

Gati alicheka mpaka akashika kiuno. "Si ulisema chakula cha mbuzi?"

"Na mbuzi wangu nawanywesha!"

Mokami alikata mizizi iliyooza, akaurudisha mmea kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na unga wa mkaa. Wiki mbili hakuutilia hata tone, na mkono haukuonekana. Kijani kikarudi. Ndipo alipokata kipande chenye kifundo, akakipanda kwenye nusu ya kibuyu, na kilipotoa jani jipya akampa Gati.

"Mpelekee baba. Mwambie ni ndama. Asimweke juani."

Mzee alimweka chini ya upenu, karibu na kigoda chake. Kila asubuhi alitia kidole, kisha akamwambia ndama wake kwa sauti ya kusikika mpaka Sirari:

"Wewe, bado umelowa!"

Na Mokami, ndani ya dirisha, aliliambia kopo lake:

"Basi asimpe ndama kitu leo."

"Hata jani hili jipya limejikunja," mzee alimwambia ndama.

"Litafunguka. Asiliguse," Mokami aliliambia kopo.

Gati, aliyekuwa akipepeta ulezi uani, aliweka ungo chini. "Haya," alisema, "mimi sina kazi tena."