Punje ya Kumi

Bi Mwahija hakumwamini tabibu asiyetia mikono. Kwao Mitole, ukiteguka, mkandaji hukushika mpaka umtaje marehemu mama yako. Lakini huyu Salome, mtaalamu wa viungo aliyeletwa majuzi hospitalini, alimkalisha kwenye kiti, akamfundisha kunyoosha mguu na kuushusha, akampa karatasi yenye michoro, kisha akamwambia aende nyumbani akajitibu mwenyewe. Kazi gani hiyo?

Hata hivyo alifanya. Mwaka mzima, kwa maumivu ya goti, alikuwa akisali juu ya kiti kama mgeni wa harusi, na haja yake ilikuwa moja tu: kusujudu, paji la uso liguse mkeka. Akafanya wiki mbili bila kukosa. Goti likaumuka kama andazi.

Ndipo aliporudi. Kabla hajaitwa, benchi zima la wagonjwa lilikwisha kujua kwamba yule binti anawaharibu watu magoti makusudi ili wasiache kuja.

"Shikamoo, bibi," alisema Salome, uso ameukaza. Chumba chake kilitengwa na benchi kwa pazia tu.

"Marahaba. Goti lako hili hapa."

Salome akainama, akavuta pumzi. "Umekwenda kukandwa."

"Sijakwenda."

"Nasikia harufu ya karafuu."

"Mimi mtu mzima, najipaka. Ulitaka nije ninanuka?"

Wakatazamana. Bi Mwahija aliyaona macho ya mtu anayetafuta pa kutupia lawama, na yeye hakuwa tayari kuwa jalala.

"Haya, nionyeshe unavyofanya nyumbani."

Bi Mwahija akafungua pindo la khanga, akatoa tasbihi. Akanyoosha mguu, akavuta punje, akashusha. Akanyoosha tena, akavuta ya pili. Salome aliitikia kwa kichwa, ameridhika, maana mguu ulinyooka sawasawa. Ilipofika ya kumi akasema inatosha. Bi Mwahija akavuta ya kumi na moja.

"Bibi, huwa unaishia ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Kwa siku?"

"Kila baada ya sala. Sala ni tano, au kwenu zimezidi?"

Salome akakaa kitako. "Ni kumi, bibi. Asubuhi na jioni."

"Hukuniambia. Uliniambia, 'Ichukulie kama ibada.' Nikaichukulia."

Salome akaiomba ile karatasi. Michoro mitatu, tarakimu hata moja hakuna. Akaigeuza nyuma, kana kwamba kumi imejificha huko.

Kisha akachomoa uzi mwekundu kwenye ukingo wa taulo, akaufunga baada ya punje ya kumi. "Siku tatu pumzika, uvimbe ushuke. Halafu asubuhi mpaka hapa, jioni mpaka hapa. Sasa niambie wewe, utafanyaje?"

Bi Mwahija akazihesabu punje mara mbili, asije akapunjwa, ndipo akayarudia maneno yote bila kukosea.

"Wale wa benchini wamekusikia ulivyonisema," Salome alisema polepole. "Ungeniomba radhi tu, yaishe."

Bi Mwahija akaifunga tasbihi kwenye pindo, akashika fimbo, akainuka.

"Nitawaambia wahesabu kumi. Siku nikisujudu nitakuombea dua. Lakini radhi siombi. Siku ile mdomo nilikuwa nao, na hukuniuliza nimeelewa nini."